Uvimbe kwenye ubongo: ugonjwa wa babu si ugonjwa wa mjukuu. Tuzungumze umri kwa umri

MuuguziPwani (mwanzisha uzi)

Assalam alaykum na habari za jioni wanajamvi. Mlionitangulia kwa umri, shikamooni.

Nimesukumwa kuandika na maneno niliyoyasikia kwenye kikao cha familia moja hapa Ngamiani, Tanga mjini. Mtoto wa shule ya msingi amepigwa picha ya kichwa, amekutwa na uvimbe nyuma ya ubongo, na daktari ameandika rufaa ya kwenda Dar es Salaam. Mzee mmoja wa ukoo akasema: babu yake alikuwa na uvimbe huo huo, tulihangaika naye mpaka tukauza kiwanja, na hakumaliza mwaka. Mtoto tusimtese, abaki nyumbani. Wengi wakaitikia.

Yule mzee alisema kwa uchungu na simlaumu. Lakini ugonjwa uliomchukua babu na huu wa mjukuu, kinachofanana ni jina tu. Hapo ndipo ninapotaka tukae leo, maana mtoto anaweza kunyimwa tiba inayomfaa kwa kuhukumiwa kwa kaburi la mtu mwingine.

Uvimbe huanza pale seli inapogawanyika bila kusikia breki. Sasa jiulize, kwenye ubongo ni seli zipi zinazogawanyika katika umri fulani? Mtoto anazaliwa ubongo ukiwa bado haujamaliza kujengwa. Ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaoshika mizani ya mwili, unaendelea kutengeneza seli changa kwa kasi hata baada ya kuzaliwa. Meduloblastoma, mojawapo ya saratani kubwa za ubongo wa watoto, hutokana na seli changa za namna hiyo ambazo zilitakiwa zikomae zitulie, zenyewe zikaendelea kuzaana. Mtu wa miaka 65 hana tena seli hizo za ujenzi. Yeye ana seli za glia, zile zinazolisha na kushikilia neva, ambazo zimekusanya hitilafu za vinasaba kidogo kidogo kwa miaka mingi. Chanzo ni kingine, mahali ni pengine, tabia ni nyingine, hata jinsi unavyosikia dawa ni tofauti.

Kwa watoto, hasa kuanzia miaka mitatu hadi kumi na moja hivi, zaidi ya nusu ya uvimbe huota chini nyuma, kwenye ubongo mdogo na shina la ubongo. Pale pana njia nyembamba ya maji ya ubongo. Ikizibwa, maji yanajaa na kichwa kinabanwa kwa ndani. Ndiyo maana mtoto anaamka alfajiri kichwa kinauma, anatapika, akishatapika anapata nafuu, anakunywa uji wake na kwenda shule. Nyumbani wanasema minyoo. Anapewa dawa ya minyoo. Wiki ijayo yale yale. Halafu anaanza kuyumba, anatembea ametanua miguu, anakosea kushika kikombe, jicho moja linageukia ndani ilhali hakuzaliwa na kengeza. Wengine wanainamisha shingo upande mmoja siku nyingi, na watu wanadhani amelala vibaya.

Na hata huo wa nyuma si wa aina moja. Kuna astrositoma ya pilositi, ambayo ni daraja la 1, la upole kuliko yote, katika madaraja 4 ya Shirika la Afya Duniani. Hukua polepole, na mpasuaji akiweza kuutoa wote mara nyingi kazi inaishia hapo, bila mionzi wala dawa za kemo, zile kali za kuua seli za saratani. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao wanakuwa hai miaka 10 baadaye. Meduloblastoma ni daraja la 4, inasambaa kupitia maji ya uti wa mgongo, inatisha. Lakini inasikia mionzi na kemo: kwenye nchi zenye matibabu kamili, takriban watoto 7 kati ya 10 wanavuka miaka 5. Ependimoma hupenda watoto wadogo zaidi, na matokeo yake yanategemea sana kama uvimbe wote umetoka kwenye upasuaji.

Upo mmoja nisioweza kuupamba. Ni ule unaoota ndani kabisa ya shina la ubongo, sehemu iitwayo ponsi, kwa watoto wa miaka 5 hadi 10 hivi. Haukatiki kwa kisu, mionzi huutuliza kwa miezi tu, na nusu ya watoto hawamalizi mwaka mmoja. Nauandika ili mzazi atakayeambiwa hivyo asidhani daktari wake ni mvivu.

Sasa mrudieni babu. Mtu mzima akiambiwa ana saratani iliyoanzia kwenye ubongo wenyewe, mara nyingi ni glioblastoma. Umri wa katikati wa kugundulika ni karibu miaka 65. Inakaa juu, kwenye ubongo mkubwa, imejipenyeza kama mizizi, na hata kwa upasuaji, mionzi na dawa kwa pamoja, nusu ya wagonjwa hawafiki mwaka na nusu. Kama babu alikuwa na huo, basi familia ile iliuona mkali kuliko karibu wote, ikampimia mtoto kwa kipimo hicho.

Nitaendelea na vijana na wazee. Ulizeni.

---

Mama_Pongwe

Asante sana sista. Nimesoma mikono inatetemeka. Mwanangu ana miaka mitatu, mwezi uliopita alipata degedege. Alikuwa na homa kali, tukampeleka zahanati wakapima malaria wakakuta ipo, wakatibu, akapona. Je hiyo nayo ni dalili? Nimpeleke akapigwe picha?

---

MuuguziPwani

Pole mama na hongera kwa kumwahisha. Kwa ulivyoeleza, degedege iliyokuja na homa kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, akazinduka vizuri na homa ikapona, kwa kawaida si uvimbe wa ubongo. Huku kwetu malaria ndiyo mtuhumiwa wa kwanza na ndivyo inavyotakiwa. Usikimbilie picha ya CT scan kwa hilo, maana nayo ni mionzi na mwili mdogo haupaswi kupigwa bila sababu.

Kinachobadilisha hesabu ni degedege bila homa yoyote, au inayotikisa upande mmoja tu wa mwili, au inayojirudia na katikati mtoto hayuko kama zamani: kilema kipya cha mwendo, jicho, kutapika asubuhi. Hapo mwambie daktari neno kwa neno, usiseme tu "alipata degedege".

Umenikumbusha kundi nililoliruka, wachanga wa chini ya mwaka mmoja na nusu. Hawa wana mambo yao. Mifupa ya fuvu haijaungana, kwa hiyo uvimbe ukikua au maji yakijaa, kichwa chenyewe kinatanuka. Mtoto hawezi kukwambia kichwa kinauma. Utaona utosi umejaa na kukakamaa hata akiwa ametulia amekaa, mishipa ya kichwani imesimama, mboni za macho zimeshuka chini na weupe unaonekana juu, anakataa ziwa, au anaacha kufanya aliyokwisha kuyaweza: alikuwa anakaa, sasa hakai. Tena kwa wachanga uvimbe mara nyingi uko sehemu ya juu, si nyuma kama kwa kaka zao.

Kwa hiyo kliniki wakimpima mtoto mduara wa kichwa, mama usione ni usumbufu. Na kama hawakupima, omba kwa adabu. Watoto wengi wenye vichwa vikubwa hawana uvimbe, wana maji tu, nao wana tiba yao. Tofauti ataiona daktari, si jirani.

Jambo jingine la umri huo: madaktari hukwepa kadiri wawezavyo kupiga mionzi ubongo wa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu inaharibu ubongo unaojengwa. Wanaanza na upasuaji na kemo ili kununua muda akue. Usishangae mtoto wa mwenzio mwenye miaka 8 akapigwa mionzi na wako akaambiwa asubiri.

---

Mwalimu_Muheza

Naunga mkono hoja, na nitie langu la darasani. Shuleni tunao watoto wanaoshuka ghafla. Alikuwa wa tatu, mara wa thelathini. Mwandiko unaharibika, herufi zinapanda na kushuka, anakopi ubaoni anaruka mistari. Tunasema mvivu, amepata marafiki wabaya, na fimbo inatembea. Sista, kwa umri wa darasa la tano kwenda kidato cha pili, tuangalie nini?

---

MuuguziPwani

Mwalimu, umeliweka vizuri kuliko mimi. Uingereza mwaka 2011 walianzisha kampeni iitwayo HeadSmart kwa ajili ya hili hili: kuwahi kugundua uvimbe wa ubongo kwa watoto. Walichofanya ni kugawa dalili kwa umri, chini ya miaka 5, kisha 5 hadi 11, kisha 12 hadi 18, wakazisambaza kwenye vikaratasi vidogo kwa wazazi na wahudumu wa afya. Waliona wazi kwamba orodha moja kwa watoto wote inapoteza watu.

Kwa wakubwa wa shule ya msingi na sekondari, bado kichwa, kutapika, macho na mwendo vimo. Kinachoongezeka ni mambo ya homoni, kwa sababu katika umri huu kuna uvimbe unaokaa katikati ya kichwa, karibu na tezi ya pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo inayoongoza homoni za mwili. Kraniofarinjioma ni mmojawapo. Jeminoma ni mwingine. Mtoto anaacha kukua urefu wenzake wakimpita. Au anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa usiku kucha, akipimwa sukari iko sawa. Au balehe inachelewa mno, au inakuja mapema kabla ya wakati wake; kijana wa kiume akibalehe kabla ya miaka 9 apelekwe hospitali, si kutaniwa. Na kwa kuwa neva za macho zinapita hapo hapo, anaanza kupoteza kuona pembeni: anagonga fremu za milango, hamwoni mpira unaotoka upande.

Ajabu ya kraniofarinjioma ni kwamba ina misimu miwili: hutokea kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, halafu hupungua, kisha hurudi kwa watu wa makamo na wazee wa miaka 50 hadi 70 na kitu. Hata sura yake chini ya hadubini hutofautiana. Ya watoto karibu yote ni aina moja, ya watu wazima ina aina ya pili.

Fimbo, mwalimu wangu, tuiweke chini mpaka tumejua. Mtoto aliyebadilika mwandiko na mwendo aitiwe mzazi kabla ya kuitiwa nidhamu.

---

KijanaWaMakorora

Sista shikamoo. Mimi nina miaka 27. Mwaka jana nilianguka kazini, wenzangu wanasema nilitikisika na kung'ata ulimi. Nyumbani wakasema ni majini ya bahari, kwa kuwa nilikuwa nashinda sana ufukweni Raskazone. Nikaandikiwa kombe, nikaogeshwa. Imejirudia mara nyingine. Kichwa hakiumi kabisa, kwa hiyo nikaona haiwezi kuwa ubongo.

---

MuuguziPwani

Marahaba mdogo wangu. Nisikilize kwa makini.

Kutouma kichwa hakukuondolei shaka. Kwa vijana wa miaka 20 hadi 45 kuna uvimbe unaokua polepole sana kwenye ubongo mkubwa, astrositoma za daraja la 2 na oligodendroglioma. Kwa sababu unakua taratibu, ubongo unajipanga upya kuuzunguka, na mtu anaendelea na maisha yake. Dalili ya kwanza mara nyingi ni kifafa tu. Mtu mzima aliyeanza kuanguka ukubwani, bila historia ya utotoni, anahitaji picha ya ubongo. Hilo halina mjadala.

Lakini nisikutie hofu isiyo na mizani. Kwa nchi zetu, kijana mwenye kifafa kipya ana wengine wa kuchunguzwa pia. Kifua kikuu kinaweza kutengeneza vivimbe kwenye ubongo vinavyofanana kabisa na saratani kwenye picha. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga imeshuka anaweza kuwa na toksoplasma, yaani kimelea kinachoshambulia ubongo, au limfoma ya ubongo, saratani ya seli za kinga. Na kuna minyoo tegu ya nguruwe, ambayo mabuu yake hukaa kwenye ubongo. Hapa Tanga watu huniambia "mimi Muislamu, nguruwe sili". Ndugu yangu, mabuu ya ubongoni hayatoki kwenye nyama uliyokula. Yanatoka kwenye mayai ya minyoo yaliyomo kwenye kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mchicha usiooshwa, maji, au mikono ya aliyekupikia. Anayekula nyama na asiyekula wote wanaweza kupata.

Yote niliyoyataja yana dawa. Ndiyo maana kupima HIV na kupiga picha ni mambo ya kufanywa pamoja, bila aibu.

Kuhusu kombe, sitakwambia uache dua. Mimi mwenyewe naomba. Dua na hospitali havigombani. Mwambie maalim wako unakwenda kupimwa, mwenye hekima atakuombea safari njema. Na mpaka upimwe, usiogelee peke yako, usipande baiskeli barabara kuu ya Segera, usipande minazi.

---

BintiPangani

Naulizia kwa niaba ya dada yangu, miaka 31. Siku zake zimekatika muda mrefu, mimba hana, na matiti yanatoa maziwa ilhali hanyonyeshi. Wifi zake wanasema amefungwa kizazi. Siku hizi analalamika kichwa na kwamba haoni vizuri pembeni. Inaweza kuhusiana na huu uzi?

---

MuuguziPwani

Inaweza kuhusiana sana, na kati ya habari zote humu hii inaweza kuwa ndiyo yenye matumaini zaidi.

Kuna uvimbe mdogo kwenye tezi ya pituitari unaoitwa prolaktinoma. Unatengeneza kwa wingi homoni ya prolaktini, ile inayoleta maziwa kwa mzazi. Mwili unadhani unanyonyesha, unafunga hedhi. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 20 hadi 40. Si saratani. Na tiba yake ya kwanza kwa kawaida ni vidonge, kabagolini au bromokriptini, wala si kisu. Wengi hedhi inarudi, na wengi hushika mimba. Wanaume nao hupata, ila wao hawana hedhi ya kuwashtua, kwa hiyo hugundulika wakubwa zaidi na uvimbe ukiwa mkubwa, wakija kwa nguvu za kiume kupungua au macho.

Kabla ya kuamini ni hiyo, apimwe mimba tena, tezi ya shingo, na ataje dawa zote anazotumia. Baadhi ya dawa za kichefuchefu, kama metoklopramidi, na za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini zenyewe. Kisha kipimo cha damu cha prolaktini. Ila hilo la kutoona pembeni ndilo linalonifanya niseme asisubiri. Aende wiki hii, na aseme la macho kwanza. Neva ikibanwa muda mrefu inaweza isirudi.

Na mwambie pole. Kuitwa mgumba kwa uvimbe mdogo wenye dawa ni mzigo ambao hakustahili kuubeba.

---

Mzee_Chumbageni

Mwanangu, Mungu akubariki. Sisi wazee umetugusa kwa glioblastoma tu ukatuacha. Mke wangu ana miaka 70. Kabadilika tabia. Alikuwa mpole, sasa mkali, anasahau chumvi kwenye chungu, anavaa kanga kinyume. Watoto wanasema mama kazeeka. Kichwa hakimuumi.

---

MuuguziPwani

Shikamoo mzee wangu, na poleni sana.

Kichwa cha mzee kina siri moja ambayo familia nyingi haziijui. Ubongo husinyaa na umri, na ndani ya fuvu panakuwa na nafasi. Uvimbe unaweza kukua sana kabla haujabana kitu. Kwa hiyo yale ya mtoto, kutapika alfajiri na kichwa kupasuka, kwa mzee huchelewa au hayaji kabisa. Yanayotangulia ni akili na tabia: kusahau, kukasirika, kuacha kujali, kupoteza maneno, mguu au mkono mmoja kulegea. Na haya ndiyo tunayoyaita uzee.

Inaweza kuwa ni uzee kweli au ugonjwa wa kusahau. Lakini mabadiliko ya wiki au miezi michache si sawa na ya miaka mingi. Kama ni ya karibuni, apigwe picha, kwa sababu yapo yanayotibika.

La kwanza silo uvimbe kabisa. Ni damu inayovuja taratibu chini ya utando wa ubongo baada ya kujigonga, pengine aliteleza bafuni mwezi mzima uliopita na akasahau. Mpasuaji hutoboa tundu dogo, damu inatoka, na mtu anaweza kurudi kuwa yeye.

La pili ni meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo. Takwimu za Marekani zinaonyesha ndio mwingi kuliko wote ulioanzia ndani ya kichwa, karibu asilimia 40, na wanawake huupata mara mbili au zaidi ya wanaume. Unaongezeka jinsi umri unavyopanda. Mara nyingi si saratani, unasukuma ubongo kutoka nje badala ya kuupenya. Mdogo usioleta dalili huachwa ukiangaliwa kwa picha. Mkubwa ulio mbele ya kichwa unaweza kubadilisha tabia ya mtu kabisa, na ukitolewa, tabia ikarudi. Mtoto mdogo ni nadra sana kuupata.

La tatu ni saratani iliyosafiri. Kwa watu wazima, uvimbe uliohamia ubongoni kutoka kwenye mapafu, titi, figo, utumbo au ngozi ni mwingi kuliko ule ulioanzia hapo hapo. Kwa watoto ni kinyume, uliohamia ni nadra. Kwa hiyo mzee wa kike akipimwa kichwa, daktari anaweza kumpima na matiti na kifua. Msione anapoteza muda.

Mzee wangu, mwambie daktari ilianza lini na nini kilitangulia. Wewe ndiye shahidi bora kuliko sisi wote.

---

FundiSimu_Tanga

Mimi naishi kwa simu. Ukweli ni upi? Vijana tunaambiwa simu sikioni na minara ndiyo inaleta haya.

---

MuuguziPwani

Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka mawimbi ya simu kwenye kundi la vitu "vinavyoweza pengine" kusababisha saratani, maana yake ushahidi ulikuwa hafifu. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na shirika hilo hilo na kutolewa mwaka 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Angalia pia kwa macho yako: simu zimejaa dunia nzima ndani ya miaka 30, na uvimbe haukupanda kwa kasi hiyo.

Kinachojulikana kwa hakika ni mionzi mikali, na hapo umri unarudi tena. Miaka ya 1950 huko Israeli maelfu ya watoto walitibiwa mapunye ya kichwani kwa eksirei. Miaka mingi baadaye, wakiwa watu wazima, walionekana kupata meninjioma zaidi ya wenzao. Mbegu ilipandwa utotoni. Kingine ni vinasaba: kuna familia zenye ugonjwa wa neurofibromatosisi, ambapo mtoto ana madoa mengi ya hudhurungi kwenye ngozi, na huweza kupata uvimbe kwenye neva za macho akiwa bado mdogo. Mtoto mwenye madoa sita au zaidi apimwe macho. Basi. Walio wengi hatuna sababu ya kuwapa, na mama asilaumiwe kwa chakula wala kwa uchawi.

---

BabaWaWanne_Korogwe

Sista, nakubali yote. Lakini mtu wa kijijini anaanzia wapi? Dar ni mbali na fedha ni swali.

---

MuuguziPwani

Anza zahanati au kituo cha afya, upate barua, uende Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa. Kutoka hapo, upasuaji wa ubongo rufaa kubwa ni Muhimbili, Dar es Salaam, kwenye MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo, na mionzi ni Ocean Road, taasisi ya saratani. Kwa saratani za watoto, Muhimbili kuna shirika la Tumaini la Maisha linaloshirikiana na hospitali, na matibabu ya watoto pale hayalipiwi na mzazi. Ukifika, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii siku ya kwanza, usingoje fedha iishe ndipo useme. Uliza pia malazi ya wazazi wanaotoka mikoani.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wapone. Kwa mkoa kama wetu, wenye watu zaidi ya milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15, orodha ya dalili za watoto ndiyo tunayoihitaji zaidi. Tunachokariri ni ile ya wazee.

Na kabla hujapanda basi, andika kwenye karatasi: dalili ya kwanza, tarehe, ya pili, tarehe, dawa alizopewa. Kama una simu, mrekodi anavyotembea. Video ya mtoto akiyumba uani ina maana kuliko maelezo ya nusu saa.

---

Mwalimu_Muheza

Swali la mwisho kwangu. Akishatibiwa akarudi darasani, atakuwa yule yule?

---

MuuguziPwani

Mara nyingi atahitaji msaada wenu, na kiasi kinategemea alitibiwa akiwa na umri gani. Aliyepigwa mionzi mdogo huathirika zaidi: anaelewa, ila polepole, anachoka mapema, hesabu za hatua nyingi zinampotea. Baadhi ya dawa za kemo, kama sisplatini, hupunguza uwezo wa kusikia sauti nyembamba, kwa hiyo mkalishe mbele na uzungumze ukimtazama. Anaweza kuacha kurefuka kwa homoni kupungua, na hiyo ina vipimo na tiba, arudi kliniki. Mwongezee muda kwenye mtihani, mpe maelekezo mafupi, mpunguzie kazi za juani. Wenzake waambiwe kwa lugha rahisi kwamba alikuwa mgonjwa kichwani na kwamba hauambukizi, maana kovu na nywele zilizotoka vitaleta maneno.

Familia ile ya Ngamiani imekubali mtoto aende. Basi la asubuhi kesho. Mama yake ndiye aliyeamua.